MZIGO WA MWENZIO SI KANDA LA USUFI

(Hii ndiyo hotuba ya Kamati ya Ushirika iliyosomwa Jumamosi mbele ya ghala. Wengi mlikuwa shambani, basi tumeiandika hapa ukutani. Anayejua kusoma amsomee na jirani yake. Tafadhali watoto wasichane karatasi.)

Ndugu Wanaushirika na Ndugu Wanakijiji,

Vijana, sogeeni mbele, maana maneno ya leo yanawahusu zaidi ninyi wenye mabega.

Leo hatukuwaita kwa mambo ya ufuta, wala ya korosho, wala ya bei. Hayo yana siku yake. Leo tunazungumza habari ya vyombo vya nyumbani: sahani, mtungi, kioo, cherehani, redio, sanduku la vyeti. Huenda mtu akasema, "Ushirika na sahani wapi na wapi?" Subirini kidogo, mtaona.

Kama tujuavyo sote, mafuriko ya Aprili 2024 yaliingia majumbani mwa watu wengi katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Sisi wa bondeni yalitukuta. Tangu siku zile tunahamia huku juu, nyumba moja moja. Sasa zimebaki kaya 17 kule chini, na mkutano wa kijiji umekubali kwamba zote ziwe zimekwisha kupanda kabla ya masika. Masika hayangoji mtu amalize kufunga kamba.

Kuhama kwetu si jambo geni. Baada ya mafuriko makubwa ya 1968 ilikuja Operesheni Rufiji, na watu wengi wa bonde hili wakahamishiwa nchi ya juu, wakawa wanashuka bondeni kwa kulima. Wazee walio nasi leo walikuwa watoto wakati ule. Mwulize mmoja wao habari za kuhama kule, utaona: hakuanzii habari ya nyumba. Nyumba ilikuwa ya miti na udongo, na miti ipo na udongo upo, ikajengwa nyingine. Atakuanzia habari ya mtungi wa mama yake uliopasuka njiani. Miaka zaidi ya 50 imepita, na bado anakumbuka ulipasukia chini ya mwembe upi.

KOSA LETU

Kabla ya kumfundisha mtu, hapana budi tuseme kosa letu sisi Kamati.

Safari ya kwanza ya kuhama, sisi ndio tuliokodi lori. Tulihesabu fedha tukaona lori la siku moja ni nafuu kuliko la siku mbili. Tukasema: kaya tisa, siku moja, twende. Dereva akawa anatazama saa, na sisi tunamtazama dereva. Vijana wakapakia mbio mbio: gunia, kitanda, kuku, sufuria, vyote rundo moja. Hakuna aliyeuliza ndani ya hiki kuna nini.

Katika kaya zile tisa ilikuwamo ya mama mmoja fundi wa kushona. Jina hatulitaji, mnamjua, na wengi wenu watoto wenu wamevaa sare alizozishona yeye. Cherehani yake ya miguu ilipandishwa juu ya magunia nzima nzima, kichwa na meza yake, haikufungwa hata kamba moja. Mwenyewe alikuwa bado ndani anafagia. Pale njia ilipochimbika lori likaruka, cherehani ikaanguka. Kanyagio likakatika vipande viwili, na kichwa nacho kikaumia, gurudumu halizunguki. Nyumbani alikuwa na vitambaa vya sare vya watu, na shule zinafunguliwa wiki inayofuata.

Alipokuja kutuuliza tulimjibu, "Pole mama, ni ajali." Ndugu zetu, ile haikuwa ajali. Mti ukiangukia lori, hiyo ndiyo ajali. Chombo kisichofungwa kikianguka, hilo ni kosa la aliyekipakia, na aliyewaharakisha wapakiaji ni sisi. Tangu siku hiyo mama yule anashona kwa mkono, viraka na vifungo, na fedha anazopata hazifiki robo ya zile za zamani. Tumechukua muda mrefu mno kulisema neno hili. Leo tunalisema mbele yenu na mbele yake mwenyewe, amekaa pale.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Maana yake mnaijua: kanda la usufi ni jepesi, na mzigo ulio kichwani pa mwenzio kwako wewe huonekana mwepesi vivyo hivyo. Siku ile tulipakia mali za watu kama makanda ya usufi.

Siku hiyo hiyo bibi mmoja alikataa katakata kuupakia mtungi wake. Vijana wakamcheka. Bibi akasema, "Mtungi huu ulinipokea nilipoolewa. Lori hilo mimi silijui." Akauweka ndani ya tenga, chini makumbi ya nazi, ubavuni majani makavu ya mgomba, mdomoni kanga. Mjukuu wake akaubeba juu ya ngata, bibi mbele akitazama mawe. Walifika jioni sana, sisi tumekwisha kunywa chai. Mtungi ule uko mzima mpaka leo, na maji yake ya baridi tumeyanywa hata sisi tuliocheka.

Basi safari hii tumekwenda kuuliza. Tumemwuliza bibi huyo, tumemwuliza fundi wa cherehani, fundi wa sola, na mzee wetu mmoja aliyekuwa utingo wa malori kwa miaka mingi. Haya ndiyo waliyotuambia, pamoja na yale tuliyojifunza kwa hasara.

ANZA NA DAFTARI

Mali bila daftari hupotea bila habari. Wiki moja kabla ya kuhama, kaa na watu wa nyumbani kwako mwandike kila mzigo na namba yake: namba 1, gunia la sufuria, namba 2, tenga la sahani, namba 3, kichwa cha cherehani. Namba hiyo hiyo iandike juu ya mzigo kwa mkaa au chaki. Ukifika huku juu, hesabu kabla lori halijaondoka. Mtu akikosa tenga lake saa ile, bado linaweza kuwa chini ya turubai. Akilikosa kesho yake, lori limeshafika mjini.

Mzigo wenye kitu cha kuvunjika ufungwe kitambaa chekundu. Tumechagua kitambaa kwa sababu si kila anayepakia anasoma, na hata anayesoma hasomi akiwa na gunia shingoni. Vijana, sikieni vizuri: mzigo wa kitambaa chekundu haurushwi, haukaliwi, hauwekewi kitu juu yake.

Lakini dhahabu ya mke wako, vidani na bangili, na fedha taslimu, hivyo usiviandike katika daftari la kusomwa na watu. Hivyo ni siri ya nyumba. Na usivifiche ndani ya godoro ukadhani umefanya akili, maana godoro ndilo la kwanza kukabidhiwa mtu mwingine. Mwenyewe avae au afunge kiunoni, asivitoe mpaka amefika.

VYA UDONGO NA VYA KIOO

Sahani usizilaze moja juu ya nyingine. Zisimamishe kwa ukingo, kama vitabu vinavyosimama kabatini, na kati ya kila mbili weka karatasi au kipande cha kitambaa. Sahani iliyosimama huvumilia mtikisiko kuliko iliyolala na kubeba wenzake kumi. Bilauri na vikombe vifungwe kimoja kimoja, kisha viwekwe ndani ya sufuria kubwa. Sufuria itavilinda, nawe hubebi hewa.

Vya kujazia viko hapa hapa, havinunuliwi. Tuna pumba za mpunga, tuna majani makavu ya mgomba, tuna makumbi, tuna usufi wenyewe kwa mwenye msufi. Kanga na mashuka yako yanahama vilevile, basi yafanye kazi njiani. Kipimo ni hiki: ukishafunga tenga, litikise taratibu karibu na sikio. Ukisikia vyombo vinagongana, fungua, ongeza pumba. Usiseme "itafaa hivyo hivyo". Kwetu sisi "itafaa hivyo hivyo" ndiyo iliyovunja cherehani.

Mtungi na chungu visafirishwe vitupu, vikavu, na midomo imezibwa. Vikae juu ya pete ya majani au ndani ya tenga, visikae juu ya mbao tupu za lori. Kama nyumba mpya si mbali, afadhali vibebwe kichwani au mzegamzega. Hilo si jambo la kuchekwa tena.

Kandili imwagwe mafuta yote, chemni itolewe, ifungwe peke yake na kujazwa kitambaa ndani. Kioo cha kujitazamia, na kioo cha kabati, visisafiri vimelala. Visimame, vimebanwa kati ya magodoro mawili. Kabati la vyombo liondolewe vyote vya ndani, na milango yake ifungwe kwa kamba ili isijifungue njiani na kujipiga.

CHEREHANI

Hapa tuliomba fundi atueleze pole pole, nasi tumeandika pole pole.

Kwanza, toa sindano. Pili, kunja kitambaa, kiweke chini ya mguu wa kukandamiza, kisha ushushe mguu juu yake. Tatu, vua mkanda kwenye gurudumu. Nne, legeza skrubu mbili za bawaba nyuma ya kichwa, ukinyanyue kichwa kitoke kwenye meza. Kishikwe kwa chini, kisishikwe kwa gurudumu. Kifungwe blanketi, kiwekwe kwenye sanduku kikiwa kimesimama kama kinavyosimama kazini. Skrubu, bobini na sindano vitiwe katika kifuko na kufungwa papo hapo kwenye kichwa, visitiwe mfukoni mwa mtu.

Watu hudhani miguu ya cherehani haina taabu kwa kuwa ni chuma. Sivyo. Chuma kile si kama cha jembe. Ni chuma cha kumimina, kigumu lakini hakina kupinda, kikipigwa hukatika kama kigae. Miguu ile ishushwe kwa mikono ya watu wawili, isidondoshwe hata hatua moja. Nayo ipate kitambaa chekundu.

SOLA, REDIO NA FRIJI

Siku hizi nyumba nyingi zina sola. Unapofungua, anza kuchomoa nyaya za paneli, ndipo uchomoe za betri. Ukifika, fanya kinyume chake: betri kwanza, paneli baadaye. Kufanya hivyo hulinda kile kisanduku kilicho kati yao. Paneli ni kioo. Ifunikwe blanketi, isimamishwe, na mtu asiikalie njiani akaona ni benchi.

Betri ya maji isilazwe wala kupinduliwa. Ndani mna asidi, inaunguza ngozi na nguo, na ikimwagikia macho ni hatari kubwa. Vifuniko vikazwe, vichwa vyake viwili vifungwe kitambaa kikavu kila kimoja peke yake, na panga, nyundo na misumari vikae mbali nayo. Chuma kikigusa vichwa vyote viwili hutoa cheche. Mtoto asipewe betri kupakata.

Redio itolewe betri zake na ifungwe ndani ya nguo. Televisheni hizi bapa zisimame, zisilale, na kioo kielekezwe upande wa kitu laini. Friji nalo lisimame. Kama halikuwa na budi kulazwa, ukifika liache limesimama bila umeme mpaka kesho yake, mafuta ya ndani yarudi mahali pake. Ukiliwasha papo hapo waweza kuliua siku ya kwanza ya nyumba mpya.

KARATASI NA PICHA

Kuna mali isiyovunjika lakini inalowa. Hati ya ardhi ya kimila, vyeti vya kuzaliwa, kitambulisho cha taifa, kadi za kliniki, vyeti vya shule, stakabadhi za ushirika. Vyote hivi vitiwe ndani ya mfuko wa plastiki, ufungwe, utiwe ndani ya mfuko wa pili, na mama au baba abebe mwenyewe. Kabla ya hapo, mwenye simu ya picha apige picha kila karatasi, na jirani asiye nayo apigiwe yake. Hatusemi mambo ya kufikiri tu. Aprili ile wapo waliookoa godoro wakaacha hati, na godoro limeshachakaa, hati mpaka leo wanaifuatilia ofisini. Shamba la bondeni utaendelea kulilima, na siku ya maneno litaulizwa karatasi yake.

Picha za wazee waliotutangulia zitenganishwe moja moja kwa karatasi kavu. Zikilowa na kugandana, usizibandue zikiwa zimeanza kukauka, zitachunika sura. Ziloweke katika maji safi ya baridi mpaka ziachane zenyewe, kisha zianikwe kivulini. Misahafu na Biblia zisafiri na mwenye nyumba, si chini ya magunia.

Na mbegu! Mbegu ya mpunga ikae ndani ya kibuyu au dumu kavu lililozibwa, juu ya mizigo yote. Kuku anayeatamia ahamishwe usiku pamoja na kikapu chake na mayai yake, atatulia.

KUPAKIA NA NJIA

Mzee wetu utingo ametupa sheria ya lori kwa maneno machache: kizito chini na mbele, chepesi juu na nyuma, cha kuvunjika katikati, na kamba juu ya vyote. Magunia ya mpunga na ya pumba yapange kuta, vyenye kitambaa chekundu vikae ndani ya kuta hizo. Mwenye mali asimame chini akitazama wakati wa kupakia, na asimame tena wakati wa kushusha. Kufagia kunaweza kungoja.

Kabla ya kuondoka vijana wawili watangulie kwa baiskeli kutazama njia. Penye shimo waweke jani, na hapo dereva apite kwa mwendo wa mtu anayetembea. Asiyekubali masharti hayo tusimkodi, hata bei yake ikiwa ndogo.

Kwa wanaovuka kwa mtumbwi: mizigo ikae chini katikati, mtumbwi usijazwe, na watoto wavuke safari yao peke yao pamoja na mtu mzima, wasichanganywe na mizigo. Sanduku la thamani lifungwe kamba ndefu, na mwisho wa kamba ufungwe dumu tupu lililozibwa. Sanduku likizama, dumu litaelea litaonyesha mahali. Lakini mtumbwi ukianza kuyumba, acheni sanduku, shikeni watu. Hakuna chombo katika hotuba hii chenye thamani ya mtoto.

TULIYOAMUA

Sasa ndugu zetu, kwenu ninyi mliouliza ushirika na sahani wapi na wapi, jibu letu ni hili.

Kwanza, lori halitabeba tena zaidi ya kaya nne kwa siku. Gharama itaongezeka, na hatuwezi kuongeza bila ninyi. Tutapiga kura Jumamosi ijayo hapa hapa.

Pili, magunia matupu, kamba na turubai la ghala vitaazimwa bure kwa kila kaya inayohama, mwanachama na asiye mwanachama. Virudishwe vikavu.

Tatu, kila kaya iliyokwisha kuhama itoe mtu mmoja wa kusaidia kaya moja iliyobaki kufunga vyombo, siku nzima kabla ya lori kuja. Waliopita njia ndio wanaoijua.

Nne, habari ya cherehani. Wajumbe wote saba wa Kamati tumechanga mifukoni mwetu wenyewe. Hatukugusa fedha za ushirika, kwa kuwa wanachama hawakukosa, tuliokosa ni sisi. Miguu mingine kuukuu lakini mizima tumekwisha kuipata, na kichwa kiko kwa fundi mjini. Kikirudi tutakileta sisi wenyewe, kimefungwa blanketi, kimepakatwa. Na tunawaomba wazazi: sare za muhula ujao mpelekeeni yeye kwanza.

Ndugu zetu mlio bondeni bado, hatuji kuwaharakisha. Tunawaomba mwanze leo, ili siku ile isiwe na haraka. Shime, tushikane mikono, kila kilichotoka kizima kule chini kifike kizima huku juu.

Umoja ni nguvu.

Wenu katika ujenzi wa kijiji,
KAMATI YA USHIRIKA

(Baada ya hotuba mama mwenye cherehani aliombwa aseme neno. Alisimama, akasema: "Nimesikia, na nimeshukuru. Nitaamini siku nitakapoisikia inalia." Akakaa. Kamati imeona neno hilo liandikwe hapa kama lilivyo, lisifutwe mpaka cherehani ilie.)